SOMO LA MOTOKAA: KWA NINI GLOBU ZA TAA HUUNGUA UPESI?

Siku hizi motokaa si chombo cha mjini peke yake. Vijiji vingi vina gari moja au mawili, na gari hilo ndilo lichukualo mazao kwenda sokoni, vitabu kwenda shuleni, na wagonjwa kwenda hospitali. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajuaye kusoma, hata asiye na gari lake mwenyewe, aelewe kidogo habari za chombo hiki, ili asipoteze fedha zake bure wala asitie maisha ya watu hatarini kwa kutojua. Somo letu la leo ni habari za globu za taa zinazoungua mara kwa mara. Jambo hili laonekana dogo, maana globu ni kitu cha kutia mfukoni; lakini usiku, katika barabara yenye mashimo, na mifugo, na watu waendao kwa miguu, usalama wa wengi umo ndani ya kichupa kile cha kioo.

Nianze kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Kijiji chetu kilikuwa na pikapu moja kuukuu. Katika muda wa miezi mitatu tulinunua globu sita kwa ajili yake. Kila ilipoungua moja, dreva alikwenda dukani, akanunua nyingine, akaitia mahali pake, nasi tukadhani mambo yamekwisha. Usiku mmoja wa masika tulikuwa tukimpeleka hospitali ya wilaya mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa, mwendo wa kilomita 40 hivi. Taa ya kushoto ilikuwa imekufa siku nne kabla, nasi hatukuijali, kwa kuwa ya kulia ilikuwa bado ikiwaka, ingawa ilibakiwa na mwanga mfupi tu. Tulipofika nusu ya njia, hiyo ya kulia nayo ikazimika, na globu ya akiba hatukuwa nayo. Kijana mmoja akashuka na kurunzi, akatembea mbele ya gari, nasi tukamfuata polepole, kilomita 20 kwa mwendo wa miguu. Tulifika alfajiri. Mama yule alijifungua salama, na kila mtu akashukuru; lakini sisi tuliokuwamo garini tulijua ya kuwa saa zile nne hazikuwa zetu kuzipoteza.

Asubuhi ile ile nikamwendea fundi mmoja mzee kununua globu mbili. Tulipokwisha kuamkiana akaniambia, "Globu nitakuuzia, Mwalimu, lakini kwanza nionyeshe zile zilizokufa."

Nikamjibu, "Mzee, tumezitupa zote, maana hazina kazi tena."

Akacheka. "Basi mmewatupa mashahidi, na sasa mwataka kesi iamuliwe! Haya, niambie: huungua za upande mmoja, au za pande zote?"

"Za pande zote, Mzee. Hata za nyuma, na ile imulikayo namba ya gari."

"Na maji ya betri mwaongeza mara ngapi?"

"Kila juma."

"Kama ni hivyo," akasema, "globu zenu hazina kosa lo lote. Zinauawa."

Akaleta mita ya kupimia umeme, akaiweka juu ya betri huku injini ikinguruma, akanionyesha mshale wake. Ulikuwa karibu na volti 16. Kosa lilikuwa katika kile kifaa kinachozuia nguvu za umeme zisizidi. Alipokibadili, maradhi ya globu yakakoma. Basi, yale niliyojifunza siku ile, na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayoyaandika hapa kwa faida ya wengine.

GLOBU NI NINI, NA HUFA NAMNA GANI?

Hapo zamani motokaa zilimulikwa kwa taa za mafuta au za gesi ya karbaidi, ambazo ilimpasa dreva kushuka na kuziwasha kwa kiberiti. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye kiwashio cha umeme pamoja na taa za umeme, na baadaye wengine wote wakafuata njia hiyo. Tangu hapo globu zimeboreshwa sana, lakini asili yake ni ile ile. Ndani ya kioo mna uzi mwembamba wa madini yaitwayo tangisteni, uliosokotwa kama chembe cha nywele ya kipilipili. Umeme ukipita katika uzi huo, uzi hupata moto hata ukang'aa, na joto lake huzidi digrii 2,500 za sentigredi. Chuma kingekwisha kuyeyuka kabla ya hapo. Tangisteni huyeyuka kwenye digrii 3,422, na ndiyo sababu ikachaguliwa.

Ndani ya kioo hakuna hewa kama hii tuivutayo, kwa kuwa hewa ingeuunguza uzi mara moja. Badala yake mna gesi nyingine zisizounguza. Katika globu nyingi za taa kubwa za mbele, mna pia kitu kiitwacho halojeni, ambacho huzirudisha kwenye uzi chembe za tangisteni zinazotoka kwa joto, ili zisigande kwenye kioo na kukitia weusi. Hata hivyo, siku baada ya siku, uzi hupungua mahali fulani, kama kamba inayolika kisimani, mpaka mwisho ukakatika. Hicho ni kifo cha uzee. Globu ya kawaida ya taa ya mbele, ikitunzwa vema, huwaka saa mia kadhaa. Ikiwa globu ina maisha ya saa 300, na gari huwashwa taa saa mbili kila usiku, globu hiyo itadumu usiku 150, yaani miezi mitano hivi. Mwenye kuona globu yake imekufa baada ya miezi mitano ya kazi ya namna hiyo asilalamike. Bali ikifa baada ya majuma mawili, au zikifa kadhaa kwa kufuatana, hapo pana jambo la kupelelezwa.

TUWASIKILIZE MASHAHIDI

Katika baraza, mwamuzi mwenye busara hatoi hukumu kabla ya kusikia mashahidi. Globu iliyokufa ni shahidi mwema, maana haisemi uongo. Basi usiitupe. Ishike penye mwanga wa jua, uitazame.

Kama kioo kimeingia utando mweupe au wa manjano kama moshi, fahamu ya kuwa hewa imeingia ndani. Kioo kimepata ufa, pengine kwa kupigwa na maji baridi kilipokuwa cha moto, au kwa kutiwa kwa nguvu.

Kama kioo kimekuwa cheusi, au kina rangi ya fedha iliyofifia, uzi umetoa chembe nyingi. Ikiwa globu ni ya siku nyingi, huo ni uzee. Ikiwa ni mpya, yawezekana umeme ulizidi kiasi, au globu yenyewe ni hafifu.

Kama kioo ni safi kabisa lakini uzi umekatika, shuku mtikisiko, au msukumo wa ghafula wa umeme.

Kama kioo kimevimba mahali pamoja kama lengelenge, basi kiliguswa kwa vidole au kilipata mafuta.

Na kama kioo na uzi vyote ni vizima, lakini taa haiwaki, globu haikuungua hata kidogo. Tazama miguu yake ya chuma na kishikio chake. Ukiona plastiki imeyeyuka au chuma kimebadilika rangi, waya haukukaza, na joto limekaa hapo. Wengi hununua globu mpya kwa kosa la kishikio.

SWALI LA KWANZA: UPANDE MMOJA AU PANDE ZOTE?

Swali aliloniuliza fundi mzee ndilo mlango wa shauri zima. Globu zikiungua daima mahali pamoja, ubaya umo hapo hapo, katika taa ile. Zikiungua huku na huku, mbele na nyuma, ubaya umo katika chanzo cha umeme unaozifikia zote. Mtu asiyeuliza swali hili atafungua taa nzima bure, hali adui amejificha penye injini.

ZIKIUNGUA PANDE ZOTE

Gari dogo hutumia betri ya volti 12. Injini ikizimwa, betri iliyojaa huonyesha kadiri ya volti 12.6. Injini ikiwaka, altaneta hufanya umeme wa kulisha taa na kuijaza betri, na mita huonyesha baina ya 13.5 na 14.5 katika magari mengi. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, na injini ikiwaka mita huonyesha 28 hivi. Kidhibiti cha volti ndicho kinachozuia altaneta isipite kiasi. Kikiharibika, volti hupanda.

Msomaji aweza kusema, "Volti moja ni kitu gani?" Ni kitu kikubwa. Wafanyao globu wamepima wakaona ya kuwa umeme ukizidi kwa sehemu 5 katika 100, maisha ya globu hupungua kiasi cha nusu. Ukizidi kwa sehemu 10 katika 100, globu haiishi hata theluthi ya siku zake. Basi, gari ambalo lilipasa kuwa na volti 14 likiwa na 15.4, globu iliyotazamiwa kudumu miezi mitano huenda isifikishe miwili. Tena taa za gari kama hilo hung'aa vizuri sana, na mwenye gari hujisifu, asijue ya kuwa ni mwanga wa mshumaa uliowashwa ncha mbili.

Asiye na mita aangalie dalili hizi, maana dalili ya mvua ni mawingu. Injini ikizungushwa kwa kasi, taa huzidi sana kung'aa. Maji ya betri hupungua upesi. Betri huwa ya moto, na pengine hutoa harufu kama ya yai viza. Ukiziona dalili hizi, upeleke gari kwa fundi mwenye mita, wala usinunue globu nyingine kwanza. Na usichungulie betri kwa kiberiti au sigara, kwa kuwa gesi itokayo humo hulipuka.

Yako na mambo mengine mawili yaziuayo globu za pande zote. La kwanza ni vichwa vya betri vilivyolegea au vilivyoota ukungu mweupe. Betri ndiyo itulizayo mawimbi ya umeme, kama bwawa litulizavyo maji ya mto. Kichwa kikilegea, gari likirukaruka, betri hukatika na kuunganika tena, na umeme wa altaneta hupiga taa kwa mishtuko. Zima injini, safisha vichwa kwa maji ya moto na brashi, vikaushe, kisha vikaze. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali fundi atoe waya wa betri wakati injini inawaka ati apime kama altaneta ni nzima. Hila hiyo ya zamani yaweza kuua globu, na kuharibu vifaa vya thamani kubwa kuliko globu.

La pili ni waya wa kurudishia umeme kwenye chuma cha gari, ambao mafundi huuita athi. Ukishika kutu, mara nyingi taa hufifia au kupepesa badala ya kuungua. Lakini katika magari mengine, kidhibiti kikipokea habari za uongo kwa sababu ya waya mbovu, hudhani volti ni chache, nacho huongeza. Kwa hiyo waya huu nao usuguliwe kwa msasa na kukazwa.

ZIKIUNGUA UPANDE MMOJA

Hapa kagua taa yenyewe, jambo moja baada ya jingine.

Kwanza, tikisa taa kwa mkono. Ikicheza, pengine bano lake limevunjika, au skrubu imeanguka. Uzi wa globu ukiwa wa moto huwa laini, nao hauvumilii kupigwapigwa. Barabara zetu zenye mawimbi kama ubao wa kufulia huzimaliza globu za taa iliyolegea kwa siku chache. Bano la shilingi kidogo huokoa globu nyingi.

Pili, tazama kama mna maji au ukungu ndani ya kioo kikubwa cha taa. Mpira wa nyuma ukichanika, au ukisahauliwa baada ya kutia globu, maji ya madimbwi huingia. Tone moja juu ya globu ya moto latosha kuipasua.

Tatu, kagua kishikio. Miguu ya globu ikae kwa kukaza. Pakilegea, umeme huruka kama cheche, joto huzidi, na globu na kishikio huharibika pamoja. Kishikio kilichoungua kibadilishwe, kwa kuwa kukiacha na kutia globu mpya ni kumlaza mgeni katika kitanda chenye kunguni.

NAMNA YA KUTIA GLOBU MPYA

Soma maandiko yaliyo juu ya kitako cha ile ya zamani, ununue ya namna ile ile: aina yake, kwa mfano H4 au H7, volti zake, 12 au 24, na wati zake. Globu ya volti 12 ikitiwa katika lori la volti 24 huungua mara moja. Ile ya volti 24 ikitiwa katika gari la volti 12 hutoa mwanga hafifu tu.

Jihadhari na tamaa ya globu zenye wati nyingi. Globu ya wati 55 hunywa umeme wa ampea 4.6 hivi katika volti 12. Ile ya wati 100 hunywa 8.3. Waya na swichi zilizofanywa kwa ile ya kwanza hupata moto zikilazimishwa kubeba ya pili, na kishikio huyeyuka. Tena mwanga huo huwapofusha wanaokuja mbele yako. Na fyuzi ikikatika, usitie kubwa kuliko iliyoandikwa, wala usifunge karatasi ya sigara yenye bati. Magari yameteketea kwa hila hiyo.

Zima taa na injini, ungoje globu ya zamani ipoe. Shika globu mpya kwa kitako chake, au kwa kitambaa safi. Usiguse kioo cha halojeni kwa vidole, maana mafuta ya ngozi huungua juu yake, hupafanya mahali hapo pazidi joto, na kioo huvimba au kupasuka. Ukigusa kwa bahati mbaya, pangusa kwa kitambaa safi chenye spiriti, ukaushe. Rudisha mpira wa nyuma mahali pake kabla ya kufunga.

Mwisho, mfundishe dreva awashe injini kwanza, ndipo awashe taa. Uzi ukiwa baridi hupokea umeme mara nyingi kuliko ukiwa wa moto, na ndiyo sababu globu nyingi hufa zinapowashwa. Haifai kuuongezea mishtuko ya kuwashia injini.

Magari mengine ya siku hizi yana taa za LED, ambazo hazina uzi. Hizo zina maradhi yake mbali, nasi hatukuzikusudia katika somo hili.

NENO LA MWISHO

Wazee wa vijiji na walimu, ninyi ndio mara nyingi mliokabidhiwa gari la wote na fedha zake. Nawashauri mambo matatu. Wekeni kitabu kidogo garini, na kila globu inapobadilishwa iandikwe tarehe na mahali ilipokuwa. Kurasa mbili tu zitawaonyesha kama ubaya ni wa upande mmoja au wa pande zote. Zihifadhini globu zilizokufa mpaka fundi amezitazama. Na gari lisiondoke usiku bila globu za akiba, wala kwa taa moja. Kwa maana anayelitazama kwa mbele hudhani ni pikipiki, akalipisha nafasi ndogo, na hapo ndipo watu hufa.

Kutia globu mpya ni kazi ya dakika kumi. Kuuliza kwa nini ile ya zamani ilikufa ni kazi ya saa moja. Sisi tuliikwepa saa moja hiyo kwa miezi mitatu, tukailipa kwa saa nne za giza, huku mama yule akiugua nyuma ya gari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.